Maswali ya Wasomaji: Nani Anahesabu Sasa?

Barua zinazohusu vikundi vya mazoezi zimetufikia kwa wingi safari hii, na si ajabu, kwa kuwa huu ndio msimu ambao vikundi vya Unguja na Pemba hujinoa kwa ajili ya Siku ya Mazoezi ya Kitaifa, ambayo hapa Zanzibar huadhimishwa kila tarehe 1 Januari. Nimechagua barua tatu zinazogusa jambo moja, yaani mgonjwa aliyemo ndani ya kikundi. Majina, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu, nimeyaondoa.

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Mjibu. Mimi ni katibu wa kikundi cha mazoezi kinachokutana Maisara kila Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alfajiri. Tuko watu 40 na ushei, wanawake kwa wanaume, na wengi wetu tumeshavuka miaka 40 ya umri. Tunapasha viungo, tunakwenda mchakamchaka kupitia Kilimani na Migombani mpaka Mazizini, kisha tunarudi kwa mwendo wa pole. Dada aliyekuwa akituongoza, ambaye ndiye mpiga filimbi na mhesabu wetu, aligundulika kuwa na saratani ya titi miezi mitano iliyopita. Ameshafanyiwa upasuaji, na sasa anatiwa dawa kwa dripu kila baada ya wiki tatu. Daktari amemwambia kwamba baada ya dripu atahitaji mionzi.

Tangu hapo kikundi kimelegea. Jumamosi iliyopita tulijihesabu tukawa 11. Wapo wanaosema waziwazi kwamba ikiwa yeye, asiyegusa soda na asiyekosa hata siku ya mvua, ameumwa, basi haya mazoezi yana faida gani. Wengine wanaona haya kuimba na kucheka barabarani ilhali mwenzao amelala kitandani. Na wapo, nadhani, waliokimbia michango: tumemchangia mara tatu, na kila mara mshika fedha wetu huorodhesha kwenye kundi la WhatsApp nani katoa ngapi. Mwezi uliopita watu wawili walitupiana maneno humo humo, mmoja akatoka, na uwanjani pia hatujamuona tena.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba mgonjwa mwenyewe ameniambia anataka kurudi. Si kukimbia, anasema, bali "kuja tu". Mama yake hataki hata kulisikia neno hilo, kwa sababu kwake yeye mgonjwa ni wa kupumzishwa, na mumewe yuko katikati. Nilipokwenda kumtazama wiki iliyopita nilikuta filimbi yake imetundikwa msumarini karibu na kitanda. Akaniuliza, "Nani anahesabu sasa?" Nikamdanganya kwamba tunapokezana. Ukweli ni kwamba hakuna anayehesabu, tunafanya kimya kimya, na kila mmoja anamaliza kwa wakati wake. Tufanyeje?
Katibu, Mjini Unguja

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu Katibu. Umeniuliza maswali manne ndani ya barua moja, lakini lile la tano, aliloliuliza mgonjwa, ndilo lenye kubeba yote. Mtu aliyekata tamaa na kikundi haulizi nani anahesabu. Dada huyo hakuuliza nani amechanga, wala kwa nini hamji kumtazama kila siku. Ameuliza kuhusu kazi yake. Nyinyi mmeshamhamisha kutoka kwenye daftari la wanachama na kumweka kwenye daftari la wagonjwa, naye hajahama.

Nianze na wale wanaosema mazoezi hayana faida, kwa sababu usemi huo ukiachwa utavunja kikundi kabla ya huo ugomvi wa michango. Ni kweli kwamba watu wanaoushughulisha mwili mara kwa mara hupata saratani ya titi kwa uchache kuliko wasioushughulisha. Kupungua kwa hatari, hata hivyo, si kutoweka kwake. Mambo mawili yanayoongeza hatari ya maradhi haya kuliko mengine ni kuwa mwanamke na kuendelea kuwa na umri mkubwa, na hakuna mchakamchaka unaoyafuta hayo. Wapo pia wanaorithi hatari hiyo ndani ya ukoo. Hata wanaume hawakusalimika, kwani katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi mmoja hivi ni mwanamme. Wazee walisema ajali haina kinga, lakini hawakusema tutembee usiku bila ya taa. Tena waelezeni wenzenu kwamba mwili alioujenga dada yenu kwa miaka yote hiyo ndio anaoutegemea hivi sasa: mtu mwenye moyo na mapafu yaliyozoea kazi aghlabu huukabili upasuaji na dawa nzito akiwa na akiba zaidi kuliko yule anayehema akipanda ngazi za jumba la Michenzani.

Nina shaka pia kwamba baadhi ya hao wasiokuja, hasa wanawake, wanachokikimbia ni hofu yao wenyewe. Kila wakiona pahala pake patupu kwenye mstari wanajipapasa kwa siri wakifika nyumbani. Lisemeni hili kwa sauti. Mwanamke anayegundua uvimbe au kinundu kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, aende hospitali apimwe, na asingoje mpaka paanze kuuma, kwa sababu uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Vimbe nyingi zinazopimwa huwa si saratani. Mngeweza kupanga siku mkaenda kundi zima kwa ajili ya uchunguzi, kama mnavyokwenda pamoja kwenye bonanza.

Sasa niingie kwenye suala la kurudi kwake. Mama yake anasema lile ambalo sote tulilelewa nalo, na hata madaktari wa zamani walikuwa wakilisema: mgonjwa alale. Siku hizi ushauri umebadilika. Uchovu wa saratani na wa dawa zake haufanani na uchovu wa kazi ya kutwa, ambao unaulala na asubuhi umekwisha. Huu, ukiulala mno, huzidi, kwa kuwa misuli husinyaa na pumzi hupungua, kisha kazi ndogo kama ya kuteka maji huwa kubwa. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, lililoitishwa na chuo cha Marekani cha tiba ya michezo, lilitoa mapendekezo kwamba watu wanaotibiwa saratani, na waliokwisha kutibiwa, wafanye mazoezi ya wastani ya dakika 30 mara tatu kwa wiki, kwani hayo yanapunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuwatoa wagonjwa wa namna hii katika hesabu ya watu wanaopaswa kuushughulisha mwili.

Kipimo cha "wastani" hakihitaji mashine. Akitembea na huku akaweza kuzungumza nawe sentensi nzima, lakini hawezi kuimba, hapo ndipo. Akiweza kuimba, anaweza kuongeza kidogo. Akishindwa kuzungumza, amezidisha. Aanze na dakika tano au kumi za kutembea uani au mtaani kwao, na zile 30 azifikie kwa wiki kadhaa, si kwa siku moja ya ushujaa.

Ila hapa nataka usome kwa makini, Katibu, na ikibidi uwasomee wenzako. Kwanza, daktari wake aulizwe na atoe idhini, kwa sababu zipo dawa za saratani zinazoweza kuugusa moyo, na upungufu wa damu nao una hukumu yake. Mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji usilazimishwe: ikiwa tezi za kwapani zimeondolewa, mkono huo unaweza kuvimba, hivyo mazoezi yake hupandishwa taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo, bila ya kuuacha ukakakamaa na bila ya kuubebesha ndoo. Pili, jueni kalenda ya dripu. Dawa hizo huua chembe zinazokua haraka, na katika hizo zimo chembe nyeupe za damu zinazotukinga na maradhi. Aghlabu hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha hupanda tena. Kwa hivyo kwa mtu anayetiwa dawa kila baada ya wiki tatu, wiki ya tatu ndiyo ambayo kwa kawaida huwa na nguvu zaidi na hatari ndogo zaidi. Huo ndio wakati wa kuja Maisara. Katika wiki ile ya katikati msimwite uwanjani, na mwenye mafua asikanyage nyumbani kwake hata kama amebeba zawadi gani. Tatu, akipata homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, usiku au mchana, na asipewe panadoli kwanza ili "tuone itashuka", kwa sababu dawa hiyo huificha homa bila ya kuondoa kilichoileta.

Akipata idhini, mpeni kiti na filimbi. Akae pembeni chini ya mti, ahesabu moja mpaka nane kama alivyozoea, na akichoka baada ya dakika kumi arudi nyumbani pasiwe na mtu wa kumbembeleza abaki. Filimbi hiyo isitiwe kinywani na mtu mwingine yeyote, na hili nalisema kama muuguzi niliyefanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Siku ambazo hawezi kuja, ahesabu kwa simu: ajirekodi sauti akiwa kitandani, nanyi muipige kwenye spika uwanjani. Na wewe, tafadhali, nenda ukamwambie ukweli kwamba hakuna anayehesabu. Nakuapia hatahuzunika.

Kuhusu mama yake, msimwendee na hoja za wataalamu wa Marekani. Mtafuteni mwanachama mwanamke wa rika lake, aende kumtazama mgonjwa kama kawaida, akae jikoni na mama, amuulize anavyolala, na amsikilize mpaka amalize. Mama ambaye bintiye amefikwa na maradhi haya anakesha, na aghlabu hakuna anayemuuliza yeye anaendeleaje. Kauli ya daktari asiipate kwa kuhadithiwa, bali yeye mwenyewe amsindikize binti siku ya kliniki, aulize kwa mdomo wake na ajibiwe. Siku ya kwanza ya kurudi, wekeni viti viwili.

Na michango. Ile orodha ya WhatsApp ifungwe leo. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" tunaivaa kwenye kanga, kisha tunaandika jina la mtu na shilingi zake mbele ya watu 40. Anayetoa elfu tano akiwa na watoto sita ametoa zaidi kuliko anayetoa laki moja na haijui imetoka mfuko gani, lakini orodha haiandiki hivyo. Wekeni kisanduku kilichofungwa, watu wawili wahesabu pamoja na kuandika daftarini jumla tu, na jumla hiyo ipelekewe familia kwa bahasha. Tamkeni wazi uwanjani kwamba kuja mazoezini na kutoa mchango ni mambo mawili mbalimbali. Yule aliyetoka, umfuate nyumbani kwake wewe mwenyewe.

Tena fedha si msaada pekee, na kwa familia nyingi wala si mgumu kuupata kuliko yote. Mionzi hutolewa kwa vipande vidogo vidogo, aghlabu siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, na wagonjwa wengi wa Visiwani huvuka kwa ajili yake mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hebu fikiri: nani atawapeleka watoto skuli asubuhi na chuoni alasiri? Nani atakaa naye Dar wiki ya kwanza, na nani ya pili? Nani atampokea Malindi boti ikifunga, baada ya saa mbili za mawimbi, akiwa amejifunika kanga usoni na ameshika ndimu anainusa ili asitapike? Andikeni zamu. Kikundi kilichozoea kuamka alfajiri kina hazina ambayo ukoo mwingi hauna. Wapo pia watakaoweza kuchangia damu: mwanamme mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya minne. Katika wodi nilizofanyia kazi, wiki ya kwanza matunda yalikuwa yakioza juu ya kabati kwa wingi, na mwezi wa nne mgonjwa alikuwa akiniuliza mimi habari za mtaani kwao. Zamu zenu zianzie huko kwenye mwezi wa nne, usipokuwa na mtu.

Atakayepeleka habasoda, asali au majani ya kuchemsha, ampelekee kwa nia njema, lakini mgonjwa amtajie daktari kila anachokunywa, kwa sababu baadhi ya dawa za mitishamba huzigonga dawa za hospitali au huliumiza ini.

Mnaoona haya kuimba: barabara ya Migombani mnapita alfajiri, na sidhani kwamba kimya chenu kimempunguzia maumivu hata chembe. Imbeni.

SWALI: Bi Mjibu, salamu kutoka Chake Chake. Mimi ndiye mgonjwa. Nina miaka 52, na nilipata kiharusi miezi saba iliyopita, upande wa kulia. Nashukuru Mungu natembea kwa mkongojo na maneno yamerudi, ila mkono bado mzito. Katika kikundi chetu kinachofanyia mazoezi Gombani vijana walikuwa wakiniita "Injini", kwa sababu nilikuwa sichoki. Tangu niumwe hakuna hata mmoja aliyeniita jina hilo; sasa wananiita "Mzee wetu". Wanakuja nyumbani watu 20 au 30 kwa mara moja, wanakaa, wananitazama, wanasema pole, na mke wangu anapika chai mpaka unga na sukari vinamalizika. Nikienda uwanjani wananibeba kama yai: wawili wananivuta mkono kuninyanyua kitini, na mmoja ananipepea. Wananipenda, nami nawapenda, lakini natoka pale nikiwa mgonjwa zaidi kuliko nilivyoingia. Nitawaambiaje bila ya kuwavunja moyo? Na je, mkono huu utarudi?
Injini, Pemba

JIBU: Ndugu yangu Injini, nitakuita hivyo hivyo.

Mkono kwanza. Mabadiliko ya haraka zaidi baada ya kiharusi kwa kawaida hutokea katika miezi ya mwanzo, lakini si kweli kwamba mlango hufungwa baada ya hapo. Wapo wanaoendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka na zaidi. Kinachourudisha mkono ni kuutumia katika kazi ile ile mara nyingi, kwa sababu ubongo hujifunza njia mpya kwa kurudia. Mara tano kwa siku hazitoshi, fikiria makumi. Chukua bakuli mbili na punje za karafuu, ambazo nyumba ya Pemba haikosi. Hamisha punje moja moja kwa mkono wa kulia kutoka bakuli hili mpaka lile, asubuhi na jioni. Kama vidole bado havishiki punje, anza na kokwa za embe au vifuniko vya chupa. Mtaalamu wa tiba ya viungo akuongoze, na akusahihishe pale unapoanza kumtegemea mno mkono wa kushoto, ambao hupenda kujitolea bila ya kuombwa.

Hao wanaokuvuta mkono waache leo. Bega la upande uliopooza huwa halikushikwa vyema na misuli yake, na kuvutwa kunaweza kulitegua au kulitia maumivu ya miezi. Anayetaka kukusaidia asimame upande wako dhaifu, akushike kiunoni au kwenye mkanda, na angoje wewe uinuke. Mnyanyuo wa kujizuia pumzi, kama wa kubeba vyuma vizito, uuache, kwani hupandisha presha kwa ghafla. Presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi, na dawa zake huendelea kumezwa hata siku unazojisikia mzima. Wengi waliorudi wodini mara ya pili walikuwa wameziacha kwa sababu hiyo hiyo ya kujisikia wazima. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki mkavu. Na kikundi kizima kijue dalili za kiharusi kingine: mdomo kwenda upande, mkono kuanguka, maneno kukoroga. Hizo hazingojewi.

Ama hilo la kuwaambia, usilifanye mbele ya watu 30. Chagua mmoja, ikiwezekana yule aliyekuwa akikutania kuliko wote, mwite peke yake, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mpe mambo matatu tu ya kuyapeleka: waje wasiozidi wanne kwa siku na wale waje na chai yao kwenye chupa; uwanjani wakupe saa ya kupimia muda na daftari la mizunguko, uyaandike kwa mkono huo huo wa kulia hata yakiwa ni machoro; na warejeshe jina. Huyo mtani atajua namna ya kulifikisha. Kama utaona uchungu kulisema, msomeshe barua yako.

Sikusahau neno moja uliloliandika kwa kupita, kuhusu mkeo. Mtu huyo amepika chai kwa miezi saba. Muulize kuna siku gani angependa kutoka, kisha waambie hao wanaokuja kukaa nawe waje siku hiyo.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana, Bububu. Mwenzetu mmoja amelazwa, anaumwa sana, na tumekubaliana tuchapishe fulana zenye picha yake tuzivae tarehe 1 Januari. Msichana mmoja anapinga, anasema si vizuri. Nani yuko sahihi?
Mwanakikundi, Unguja

JIBU: Msichana yuko sahihi kwa nusu. Fulana yenye picha ya mtu sisi tumezoea kuiona kwa wagombea wa uchaguzi na kwa marehemu, na mwenzenu si mmoja wala si mwengine. Atakapoletewa simu aone watu 60 wamevaa uso wake kifuani, anaweza akafurahi, na anaweza akajiuliza nyinyi mmeambiwa nini na daktari ambacho yeye hakuambiwa. Kwa hivyo hukumu ni yake. Nendeni wawili, mmoja awe huyo msichana, mkamuulize. Akikubali, picha aichague mwenyewe, kwani wengine hupenda ile ya kabla ya maradhi na wengine huichukia. Akisita hata kidogo, chapisheni jina la kikundi peke yake kama miaka yote. Katika hali zote mbili agizeni na ya kwake, ila msichukue saizi ya mwaka jana. Mwili uliokuwa hospitali hupungua au huvimba kwa dawa, na fulana isiyomtosha atajua kwamba iliagizwa bila ya yeye kuulizwa.